Nani ameshika swichi ya kiyoyozi cha gari lako?

Wadau, leo tuache siasa kidogo. Nataka tuongelee kiyoyozi cha gari, au AC kama tulivyozoea kuiita, na hasa zile nyaya zinazokiamuru kifanye kazi. Najua mada inanuka gereji. Lakini ina historia ndefu, inagusa mfuko wako, na imefika mpaka hapa jirani, Kigali.

Tuanze na jambo la msingi. Kiyoyozi hakitengenezi baridi, kinahamisha joto. Kompresa inaisukuma gesi, gesi inapita kwenye kondensa mbele ya rediata, inaacha joto lake huko nje na kuwa kimiminika. Kisha inaachiwa ipanuke ndani ya dashibodi, na huko inafyonza joto la hewa mnayopulizwa usoni. Kwenye magari mengi kompresa inazungushwa na mkanda unaotoka kwenye injini. Maana yake kila dakika ya ubaridi inalipiwa kwa mafuta. Ndiyo maana swali kubwa katika historia hii limekuwa moja: nani aamue kompresa ifanye kazi saa ngapi na ipumzike saa ngapi?

Mwanzoni hakukuwa na wa kuamua. Kampuni ya Packard ya Marekani ilipotangaza gari lenye kiyoyozi mwaka 1939, mtambo wa kupoza hewa ulikaa nyuma kwenye buti na kompresa haikuwa na klachi. Injini ikizunguka, nayo inazunguka. Msimu wa baridi ukifika, mwenye gari alifungua boneti akautoa mkanda. Swichi yake ilikuwa spana! Haishangazi kwamba baada ya miaka michache Packard waliachana nacho.

Miaka ya 1950 ikaja na jibu: klachi ya sumaku ya umeme. Ukipeleka umeme, sumaku inavuta na kompresa inaanza kuzunguka. Ukikata umeme, puli inazunguka tupu. Mwaka 1954 kampuni ya Nash nayo ikaleta mfumo uliokaa wote mbele ya gari, wa kupasha na kupoza kwa pamoja. Mwaka 1964 Cadillac wakasogea hatua nyingine: dereva alichagua nyuzi joto anazotaka, na vipimo vya umeme vilivyosoma joto la ndani na la nje vikafanya kazi iliyobaki. Mkono wa dereva ukaanza kuondoka kwenye swichi.

Kisha ikaja Oktoba 1973. Nchi za Kiarabu zinazouza mafuta ziliinyima Marekani mafuta, bei ikaruka, na wahandisi wakaanza kuhesabu kila tone. Kiyoyozi, kilichokuwa suala la starehe, kikawa suala la nishati. Baadhi ya mifumo ya Marekani ilikuwa ikiiacha kompresa izunguke mfululizo muda wote kiyoyozi kimewashwa. Mifumo ya kuiwasha na kuikata kwa vipindi ikashika kasi.

Miaka ya 1980 kompyuta za injini zikaenea, na hapa ndipo mambo yalipogeuka kabisa. Ile swichi ya dashibodi ikageuka kuwa ombi tu. Unapoibonyeza unaiambia kompyuta, "naomba ubaridi". Kompyuta inauliza kwanza: injini inachemka? Dereva amekanyaga mafuta hadi mwisho akitaka kulipita lori? Gesi ina shinikizo la kutosha? Ikiridhika, inapandisha kidogo mzunguko wa injini ili isizimike kwenye foleni, kisha inaiamuru rilei ipeleke umeme kwenye klachi. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ikatambulisha mtandao wa CAN, ambao unaziwezesha kompyuta za gari kuongea kupitia nyaya mbili tu. Mwaka 2003 Toyota wakatoa Prius ya kizazi cha pili, ambayo kompresa yake inaendeshwa na umeme. Injini inazimika, ubaridi unaendelea. Kwenye magari mengi ya umeme ya leo, kompresa hiyo hiyo inapoza abiria na betri, na kompyuta ndiyo inayogawa.

Sasa turudi nyumbani. Magari yetu mengi ni mitumba kutoka Japani, yamekuja na akili zote hizo. Gari linaingia gereji, AC haipoozi. Fundi anaona klachi haivuti. Anachukua waya, anatoa umeme kwenye betri moja kwa moja mpaka kwenye klachi, anaweka swichi yake chini ya usukani. Ubaridi unarudi, mteja anafurahi, analipa.

Tatizo ni kwamba mara nyingi kompyuta ilikuwa na sababu ya kukataa. Mafuta yanayolainisha kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikivuja, mafuta nayo hayazunguki vizuri, na swichi ya shinikizo inakata umeme ili kompresa isijisage. Ukiiruka swichi hiyo, umemfukuza mlinzi kwa sababu amepiga kelele. Kompresa ikifa, bili ni ya mteja.

Na gesi inayovuja haipotei bure. R-12 ya zamani ilitoboa tabaka la ozoni. Molina na Rowland walionya mwaka 1974, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuibana. Mbadala wake, R-134a, haigusi ozoni, ila kilo moja inapasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 ya kilo moja ya kaboni dioksidi kwa miaka 100. Ndiyo maana Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali yakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo, na makubaliano yakaanza kufanya kazi Januari 1, 2019.

Sisemi mafundi wetu ni wabaya. Wengi wamejifunza kwa macho na mikono, kipimo cha kusoma kompyuta ni ghali, na mteja anataka gari lake jioni. Lakini tunaweza kuanza na swali moja la bure. Kabla fundi hajaunganisha waya, muulize: kompresa imekataa kwa sababu gani? Akijibu "inavuja", lipia kuziba tundu kwanza, ndipo ujaze gesi.

Alamsiki.