Safu ya Lugha: Kujikwaa

Kutoka Handeni hadi Korogwe siku hizi ni lami. Waliopita njia hiyo enzi za vumbi na tope wanalijua vizuri neno la leo: kujikwaa.

Litazame. Shina ni kwaa. Likinyambuliwa huzaa kwaza, na humo tunapata kikwazo. Lakini msafiri hasemi jiwe limemkwaa. Husema “nimejikwaa”, kana kwamba kosa ni la kidole chake. Hako ka-ji- kana adabu kuliko wengi wetu.

Reli nayo ilijikwaa. Wajerumani waliianza Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, kisha kampuni ikaishiwa fedha. Serikali ya kikoloni iliichukua 1899, na Korogwe ikaona garimoshi 1902. Miaka tisa, kwa mwendo ambao basi huumaliza kwa saa mbili hivi!

Methali yasema kujikwaa si kuanguka. Wanaodakia “bali ni kwenda mbele” wana haraka mno, naona. Aliyejikwaa husimama kwanza, akashika kidole. Nawe ukijikwaa sokoni Korogwe, hata asiyekujua atakuambia: “Pole.”