Kununua ploti Mombasa bara: Hati peke yake haimkingi mnunuzi

MALI bila daftari hupotea bila habari, wahenga walinena. Methali hiyo inawafaa wote wanaotafuta ploti tupu katika maeneo ya Likoni, Kisauni na Changamwe. Hata hivyo, upande wa bara ya Mombasa upo msiba mwingine ambao wahenga hawakuutaja: mali yenye daftari nayo yaweza kupotea, iwapo daftari lenyewe liliandikwa kwa hila.

Mnamo Aprili 21, 2023, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika kesi baina ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kesi hiyo ilihusu kiwanja kilicho karibu na ufuo wa bahari eneo la Nyali, ambalo lilikuwa sehemu ya eneobunge la Kisauni hadi uchaguzi wa 2013. Kampuni hiyo ilikuwa na hatimiliki. Ilikuwa imekinunua kiwanja kutoka kwa kampuni nyingine, ambayo nayo ilikipata kutoka kwa aliyegawiwa kwanza mwaka wa 1989, Rais wa wakati huo, marehemu Daniel arap Moi.

Mwaka wa 2017 maafisa wa kaunti walibomoa ukuta wa kiwanja hicho wakisema ulikuwa umeziba njia ya umma ya kwenda ufuoni. Majaji waliafikiana na kaunti. Walisema ardhi hiyo ilikuwa ya umma, kwamba ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, na kwamba hati ni tamati ya mchakato: mchakato ukiwa mbovu, hati haiwezi kuuponya. Mmiliki wa tatu alipoteza, japo hakuwa yeye aliyeanza kosa.

Fundisho la uamuzi huo ni kwamba mnunuzi wa leo anapaswa kukagua mambo matatu, na yote yaafikiane: rekodi za afisi ya ardhi, ardhi yenyewe mahali ilipo, na chimbuko la umiliki tangu mtu wa kwanza. Likikosekana moja, ni heri kuzuia fedha.

Kwa nini bara ina matatizo yake

Tangu 1895 hadi uhuru mwaka wa 1963, ukanda wa pwani wa maili 10 ulitawaliwa na Waingereza kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka wa 1908 ilipitishwa sheria iliyowataka wote wenye madai ya ardhi katika ukanda huo wayawasilishe ili wapewe vyeti. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya Uingereza. Jamii nyingi za Mijikenda, zilizomiliki ardhi kwa pamoja kulingana na mila, hazikupata vyeti hivyo. Sheria ya 1908 ilifutwa mwaka wa 2012 na sheria mpya ya Usajili wa Ardhi, lakini matokeo yake yangali ardhini.

Ndiyo maana katika mitaa mingi ya bara mwenye hati na mwenye kuishi si mtu mmoja. Mwenye hati huenda yuko kisiwani, ng'ambo au kaburini, ilhali anayelima na kujenga amezaliwa papo hapo na baba yake vilevile. Kila mmoja wao anaweza kumwendea mnunuzi na kujiita mwenyewe.

Upo pia mtindo wa nyumba bila ardhi, uliozoeleka Mombasa tangu zamani. Mtu hujenga nyumba yake katika ardhi ya mwingine na kumlipa mwenye ardhi kodi kila mwezi. Nyumba ni yake, na anaweza kuiuza au kuirithisha, lakini mchanga ulio chini yake si wake. Mgeni asiyejua mtindo huu huonyeshwa nyumba kuukuu, akaambiwa ataibomoa na kujenga apendavyo, akalipa bei ya ardhi kwa mtu ambaye kwa kweli aliuza mbao, mawe na mabati tu.

Mfano wa uzito wa jambo hili ni shamba la Waitiki huko Likoni, lenye ukubwa wa ekari 930. Maskwota waliingia humo hasa wakati wa ghasia za 1997, na ni Januari 2016 ambapo Rais wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, alianza kuwakabidhi hati baada ya serikali kulinunua shamba hilo. Aliyenunua kipande humo kabla ya mwaka huo alinunua kutoka kwa mtu asiyekuwa na hati ya kuuza. Ploti zitokanazo na miradi ya makazi kama huo huwa na masharti yake, na pengine madeni kwa serikali. Ni wajibu wa mnunuzi kuuliza kama masharti hayo yametimizwa kabla ya kutoa hata shilingi.

Hila zinazotumika

Matapeli wa ardhi hawana hila nyingi. Wanazo chache ambazo hurudiwa kila mara.

Ya kwanza ni kuuza ploti moja kwa watu kadhaa. Ploti tupu isiyo na ua huonyeshwa asubuhi kwa mmoja na jioni kwa mwingine, kila mmoja akatoa malipo ya kwanza.

Ya pili ni kujifanya mwenye ardhi. Tapeli huwa na kitambulisho kilichoghushiwa chenye jina lililo kwenye hati. Wanaolengwa zaidi ni wenye ardhi walioaga dunia au wanaoishi mbali. Mwingine hudai hati imepotea na kuomba nyingine. Sheria humtaka Msajili wa Ardhi kutangaza ombi kama hilo katika Gazeti Rasmi la Serikali au katika magazeti mawili ya kitaifa na kungoja siku 60. Yale matangazo ya maandishi madogo, ambayo wasomaji wengi huyapita, yameokoa mashamba ya watu waliopata kuyasoma.

Ya tatu ni mirathi. Mtoto mmoja wa marehemu huuza bila ya ndugu zake kujua. Chini ya Sheria ya Urithi, hakuna awezaye kuuza ardhi ya marehemu kabla ya mahakama kumteua msimamizi na kuthibitisha ugavi. Kwa Waislamu suala hili huweza kuamuliwa na Mahakama ya Kadhi. Makubaliano ya kifamilia yaliyoandikwa sebuleni hayatoshi, hata yakiwa na sahihi za wazee wote.

Ya nne ni barua ya kugawiwa ardhi. Wengi huiuza na kuinunua kana kwamba ni hati. Mnamo Septemba 22, 2023, katika kesi ya kampuni ya Torino Enterprises, Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba barua hiyo ni ahadi tu. Haimpi mwenye nayo umiliki hadi masharti yatimizwe na ardhi isajiliwe.

Ya tano ni kuuza ardhi ya umma: hifadhi za barabara na reli, viwanja vya shule, njia za ufuoni na kingo za hori zenye mikoko. Changamwe inahitaji uangalifu zaidi, kwani humo mna bandari ya Kipevu, uwanja wa ndege wa Moi, reli na bomba la mafuta la kwenda Nairobi lililoanza kazi 1978. Barabara ya Dongo Kundu, inayounganisha Miritini na upande wa Likoni bila ya kuvuka kwa feri, nayo imepandisha hamu ya ardhi na kuwaamsha walaghai. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa ovyo kote nchini, na nyingi ya hati hizo zingali mikononi mwa watu.

Hatua za mnunuzi

Mnunuzi aanze kwa kuomba nakala ya hati na ya kitambulisho cha muuzaji, kisha afanye uchunguzi rasmi katika afisi ya ardhi, ule ambao wengi huuita sachi. Aufanye mwenyewe au kupitia kwa wakili wake, kamwe asipokee karatasi ya uchunguzi iliyoletwa na dalali. Matokeo yataonyesha jina la mmiliki, ukubwa wa ardhi, na kama kuna rehani ya benki, zuio au amri ya mahakama. Uchunguzi urudiwe siku chache kabla ya malipo ya mwisho, kwa kuwa rekodi huweza kubadilika baina ya wiki mbili.

Asome nambari ya ploti kwa makini. Katika rekodi za Mombasa, herufi MN humaanisha Bara Kaskazini na MS humaanisha Bara Kusini. Anayeuziwa ploti ya Likoni kwa hati yenye MN ameonyeshwa karatasi ya mahali pengine.

Uchunguzi huo usimridhishe peke yake. Aombe historia yote ya ploti: nani aligawiwa kwanza, mwaka gani, na ilipitaje mikononi mwa wengine. Chimbuko likiwa ni ugawaji wa serikali, aulize ardhi ilikuwa imetengewa nini katika ramani ya mipango ya mji.

Baada ya karatasi, aende kwenye ardhi pamoja na mpima ardhi mwenye leseni aliyemlipa mwenyewe. Mpimaji atalinganisha ramani na mawe ya mipaka, na kuhakikisha kwamba ploti iliyoonyeshwa ndiyo iliyo kwenye hati. Ukubwa pia uangaliwe. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina futi za mraba 5,000, yaani takriban hekta 0.046, ilhali thumuni kamili ya ekari ni futi za mraba 5,445.

Akiwa huko azungumze na majirani na mzee wa mtaa. Aulize nani hulima, nani amezikwa hapo, nani hulipwa kodi. Swali hili lina uzito wa kisheria, maana aliyekaa kwenye ardhi ya mwingine waziwazi kwa miaka 12 bila ruhusa wala kuondolewa anaweza kuidai mahakamani, na dai lake halionekani kwenye rekodi. Mnunuzi hununua ardhi pamoja na madai ya aliyemo.

Iwapo ploti imekatwa kutoka shamba kubwa, aulize kama kaunti imeidhinisha ugawaji na kama ploti yake ina hati yake pekee. Nakala ya hati mama haimpi mtu kipande.

Mkataba uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote mbele ya shahidi, jinsi Sheria ya Mikataba inavyotaka. Mkataba ulioandikwa kwa chifu unaweza kuwa ushahidi wa fedha zilizotolewa, lakini chifu si msajili wa ardhi. Iwapo muuzaji ana mume au mke, idhini ya mwenzake ipatikane, kwani Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu mali ya ndoa kuuzwa na mmoja pekee. Kila upande uwe na wakili wake, na jina la wakili lithibitishwe kwa Chama cha Mawakili nchini. Dalali naye sharti awe amesajiliwa na bodi ya madalali wa ardhi.

Malipo yapitie benki, si mkononi. Bei iliyoandikwa iwe ndiyo iliyolipwa. Wapo wanaopunguza bei kwenye mkataba ili wakwepe ushuru wa stempu, ambao mijini ni asilimia nne, yaani Sh80,000 kwa ploti ya Sh2 milioni. Biashara ikivunjika, mnunuzi kama huyo hupata taabu kudai zaidi ya kile kilichoandikwa.

Muuzaji pia yuko hatarini

Si mnunuzi pekee anayelaghaiwa. Muuzaji asimwachie mnunuzi wala dalali hati halisi kabla ya kulipwa. Wakili ndiye wa kuishika, kwa ahadi ya maandishi. Asitie sahihi fomu tupu za uhawilishaji, wala asimpe mtu asiyemjua vyema hati ya uwakala ya kuuza kwa niaba yake. Hundi isihesabiwe kuwa fedha hadi benki ithibitishe kwamba zimeingia.

Ajue pia kwamba tangu Januari 1, 2023, ushuru wa faida inayotokana na kuuza ardhi ni asilimia 15, na kwamba kodi za kaunti na za serikali kuu sharti ziwe zimelipwa kabla ya ardhi kubadilishwa jina. Mwenye ardhi anayeishi mbali afanye uchunguzi wa rekodi zake mara kwa mara, aweke ua au mlinzi, na ahifadhi risiti. Ploti iliyosahauliwa na mwenyewe ndiyo tapeli huikumbuka.

Mambo yakiharibika

Aliyegundua hila asingoje kuombwa subira. Aende mara moja kwa Msajili wa Ardhi aweke zuio, ili ardhi isiuzwe kwa mwingine. Apige ripoti kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai akiwa na mkataba, risiti na taarifa za benki, kisha amwone wakili kuhusu kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa. Kadiri siku zinavyopita ndivyo fedha zinavyotapanywa na ploti kupata jina jipya.

Lakini kesi ya ardhi huchukua miaka, na akiba ya mvuvi, mwalimu au mfanyakazi wa bandari haina miaka ya kungoja. Gharama ya uchunguzi, ya mpimaji na ya wakili ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya ploti. Na muuzaji anayekataa ardhi yake ichunguzwe, akidai kwamba wanunuzi wengine wanasubiri mlangoni, aachiwe hao wanunuzi wengine.