Trekta haichimbi kisima, maji ndiyo yanayochimba

Wapenda kujitengenezea vitu wana ndoto moja isiyozeeka: trekta unayo, shamba unalo, maji yako chini, sasa kwa nini umlipe mwenye lori la kuchimbia visima? Ukitafuta mtandaoni utawaona wakulima wa Marekani na India wamechomelea mlingoti wa vyuma nyuma ya trekta, wanazungusha bomba, tope linaruka, kila mtu ni mweusi hadi magotini. Raha tupu.

Nimeifuatilia historia ya mashine hizi, na nasema bila kupepesa macho: trekta ndiyo sehemu rahisi. Akili yote iko kwenye yale maji machafu.

Hebu turudi Paris, mtaa wa Grenelle, mwishoni mwa 1833. Fundi Louis-Georges Mulot alianza kutoboa kisima kwa njia ya wakati ule. Unateremsha chuma kizito, unaponda mwamba, unavuta chuma chote juu, unateremsha chombo cha kuzoa kifusi, unakivuta nacho, halafu unaanza upya. Kadiri shimo linavyozama ndivyo siku nzima inavyoishia kwenye kupanda na kushuka. (Waliosoma algorithimu wanalijua balaa hili: kila hatua mpya inakulazimu kuzipitia tena zote za nyuma.) Mwaka 1837 vyuma vilikatika vikatumbukia, na kuvitoa kulichukua zaidi ya mwaka. Maji yaliruka Februari 1841, kutoka mita 548. Miaka saba kwa shimo moja!

Huku nyuma, Mfaransa mwingine, Pierre-Pascal Fauvelle, alikuwa ameona jambo kwenye kisima kilichokuwa kikichimbwa. Chuma kiligonga maji yenye nguvu, yakapanda yakibeba kifusi chote, bila mtu kuzoa chochote. Akajiuliza: kwa nini tusiyapeleke maji sisi wenyewe? Akatumia vyuma vyenye tundu ndani, akasukuma maji kwa pampu hadi chini kwenye ncha, nayo yakarudi juu na kifusi. Mjini Perpignan alifika mita 170 kwa siku 23, na ukiondoa Jumapili na siku zilizopotea ni kama saa 140 za kazi. Ardhi hazifanani, usiilinganishe na Grenelle namba kwa namba, lakini habari hiyo ilipofika Chuo cha Sayansi cha Paris mwaka 1846 ilizua gumzo. Mwingereza Robert Beart naye alikuwa amesajili wazo la aina hiyo miaka hiyohiyo ya 1840.

Wamarekani ndio waliolifanya kuwa biashara. Ndugu wawili wa ukoo wa Baker walichimba visima vya maji kule Dakota miaka ya 1880 kwa bomba linalozunguka na maji yanayopita ndani yake, kisha wakaipeleka mashine Texas. Pale Spindletop, ambako mafuta yalilipuka tarehe 10 Januari 1901, mchanga ulikuwa ukibomoka kila mara. Inasimuliwa kwamba wachimbaji waliswaga ng'ombe ndani ya dimbwi ili wavuruge tope. Tope zito hufanya kazi tatu kwa mpigo: hupoza ncha, hubeba kifusi, na huegemea kuta zisianguke. Leo tunanunua bentonaiti kwenye mifuko, ila kanuni ni ileile ya kwato za ng'ombe.

Na trekta je? Mchango wake ni shafti ile ya nyuma, ambayo mafundi huiita PTO. Mfaransa Albert Gougis aliijaribu mwanzoni mwa karne ya 20, na International Harvester wakaiweka kwenye trekta la kuuza mwaka 1918. Kilichoifanya iwe na maana ni makubaliano: katikati ya miaka ya 1920 wahandisi wa kilimo wa Marekani waliafikiana kuhusu ukubwa wa shafti, meno yake sita na mwendo wake, ambao baadaye ulitulia kwenye mizunguko 540 kwa dakika. Hiki ni kiolesura, jamani! Trekta la babu na pampu ya jana vinaunganishwa bila kuulizana majina. Watu wa programu tungeomba itifaki moja iishi hivyo.

Lakini trekta unaweza hata kuliondoa. Huko Bangladesh mafundi huchimba kwa mianzi, bomba na wenzao wachache. Wawili wanainua na kushusha bomba, mmoja amekaa juu na kiganja chake mdomoni mwa bomba, anaziba na kuachia. Kiganja ndicho vali. Maji na tope hupanda ndani ya bomba, na kwenye udongo laini kisima kinapatikana kwa siku moja au mbili.

Hapo ndipo wepesi ulipogeuka. Kuanzia miaka ya 1970 serikali na UNICEF walihimiza visima hivyo ili watu waache maji ya mabwawa yenye vijidudu, na ikawa hivyo kwa mamilioni ya familia. Hakuna aliyepima aseniki. Ilithibitishwa mwaka 1993, na mwaka 2000 jarida la WHO liliiita sumu iliyowapata watu wengi kuliko zote katika historia.

Kwetu Kenya mwamba mgumu wa Ukambani utaicheka mashine yako ya tope, unahitaji nyundo ya hewa na kompresa. Kisheria unahitaji pia kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Na Bonde la Ufa lina floridi inayotia meno rangi ya kahawia. WHO inaweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Pampu haikuambii hayo.

Bangladesh walipoamua kupima, walipita kisima kwa kisima, karibu milioni 5 hadi 2003, wakipaka rangi mdomo wa pampu: kijani kunywa, nyekundu usinywe. Takriban asilimia 29 vilipakwa nyekundu, na mara nyingi cha kijani kilikuwa kwa jirani, hatua chache tu.