Kupanga Msimbo wa Programu ya Wavuti Kuwa Kifurushi cha Kusimikwa

Programu ndogo ya wavuti huanza mara nyingi kama faili moja katika kompyuta ya mtu mmoja. Afisa TEHAMA huandika kurasa chache za kusajili barua zinazoingia na kutoka, watumishi wa masjala huzizoea, na daftari la karatasi huwekwa kando. Tatizo hujitokeza siku afisa huyo anapohamishwa au kompyuta yake inapoharibika. Hata pale nakala ya msimbo inapopatikana, hakuna anayejua ulitegemea maktaba zipi wala uwashwe kutoka folda ipi. Kuupanga msimbo huo kuwa kifurushi ndiko kunakoifanya programu iwe mali ya ofisi badala ya kubaki siri ya aliyeitunga.

Mfano unaotumika hapa ni wa Python, lugha iliyotolewa kwa mara ya kwanza na Guido van Rossum mwaka 1991, pamoja na Flask, kiunzi cha kujengea programu za wavuti kilichoanzishwa na Armin Ronacher mwaka 2010. Programu ya mfano inaitwa masjala.

Mpangilio wa folda

Hatua ya kwanza ni kutenganisha programu na vitu vinavyoizunguka. Ndani ya folda kuu ya mradi huwekwa folda nyingine yenye jina la programu, yaani masjala, na ndani yake faili __init__.py. Faili hiyo ndiyo inayoitambulisha folda kwa Python kuwa ni kifurushi. Humo humo huingia faili za kazi mbalimbali, kama vile barua.py na hifadhidata.py, folda ya templates yenye violezo vya kurasa, na folda ya static yenye picha na mitindo. Majaribio hukaa nje, katika folda ya tests.

Ndani ya __init__.py huandikwa kazi iitwayo create_app, ambayo huiunda programu na kuirejesha ikiwa tayari. Kwa njia hiyo, majaribio yanaweza kuunda programu yenye hifadhidata ya muda bila kugusa kumbukumbu halisi za ofisi.

Faili ya maelezo

Hatua ya pili ni kuandika pyproject.toml katika folda kuu. Faili hii ilipendekezwa mwaka 2016, katika waraka wa jumuiya ya Python ujulikanao kama PEP 518. Kwa programu ya mfano, yaliyomo ni haya:

[build-system]
requires = ["setuptools"]
build-backend = "setuptools.build_meta"

[project]
name = "masjala"
version = "1.0.0"
dependencies = ["flask", "waitress"]

[tool.setuptools]
packages = ["masjala"]

[tool.setuptools.package-data]
masjala = ["templates/**/*", "static/**/*"]

Sehemu ya mwisho ndiyo inayosahauliwa zaidi. Zana ya setuptools huchukua faili za Python, lakini violezo na picha ni lazima vitajwe. Visipotajwa, programu hufanya kazi vizuri katika kompyuta ya mtunzi, kisha hushindwa kwenye seva kwa sababu kurasa zake hazikusafiri nayo.

Kusimika

Wakati wa utunzi, programu husimikwa ndani ya mazingira pepe kwa amri pip install -e . ambayo huacha msimbo mahali pake, hivyo mabadiliko huonekana bila kusimika upya. Kazi ikikamilika, amri python -m build --wheel, inayotolewa na zana iitwayo build, huunda faili masjala-1.0.0-py3-none-any.whl katika folda ya dist. Faili hiyo ni kumbukumbu ya aina ya zip ambayo pip huisimika kwenye seva yoyote yenye Python inayofaa.

Ni muhimu kuelewa kwamba faili hiyo hubeba programu peke yake; maktaba zilizotajwa hupakuliwa kutoka katika intaneti. Kwa ofisi yenye mtandao usio wa uhakika, amri pip wheel . -w vifurushi hukusanya programu na maktaba zake zote katika folda moja, inayoweza kupelekwa kwa diski mweko. Kisha, kwenye seva, hutumika pip install --no-index --find-links vifurushi masjala. Kompyuta ya kukusanyia iwe na mfumo endeshi na toleo la Python sawa na vya seva.

Seva ya majaribio inayokuja na Flask haifai kuhudumia umma. Waitress huiendesha programu kwa amri waitress-serve --call masjala:create_app.

Yasiyopaswa kuingia

Nywila za hifadhidata, ufunguo wa siri unaotia saini vidakuzi, na taarifa za wananchi havipaswi kuwamo katika kifurushi, kwa kuwa kila anayepata nakala anaweza kuifungua na kuisoma. Flask hutenga folda iitwayo instance kwa ajili ya mambo hayo, nje ya msimbo, na kila seva huwa na yake.

Kila badiliko linalotolewa lipewe namba mpya ya toleo, na faili za matoleo ya awali zihifadhiwe. Toleo la 1.1.0 likileta hitilafu, toleo la 1.0.0 husimikwa tena kwa amri moja. Hata hivyo, kurudisha msimbo hakurudishi hifadhidata iliyokwisha kubadilishwa, hivyo nakala rudufu ichukuliwe kabla ya kila usimikaji.

Kipimo cha kazi hii ni chepesi: mtumishi mwingine, akiwa na kompyuta nyingine na maelekezo ya ukurasa mmoja, aweze kuisimika na kuiwasha programu bila kumpigia simu aliyeitunga.