Hazel na Alice: Sauti Mbili za Milimani
Hazel Dickens alizaliwa mwaka 1925 West Virginia, Marekani, kwenye milima ya Appalachia ambako wengi waliishi kwa kuchimba makaa ya mawe. Kazi ilipopungua, watu wakashuka mjini. Yeye akaenda Baltimore, akaajiriwa viwandani. Wenyeji waliwacheka wa milimani: lafudhi, nguo, mpaka muziki. (Hiyo hapa kambini hatuhitaji kuelezwa.)

Huko akakutana na Alice Gerrard, aliyesoma chuo, tena siyo mtu wa milimani kabisa. Wakaimba pamoja, sauti kavu zisizobembeleza mtu, na albamu yao ya kwanza ikatoka 1965. Enzi hizo bendi za bluegrass ziliongozwa na wanaume. Na ile banjo yao, wengi wanasahau, asili yake ni Afrika. Ilivuka bahari na watumwa.

Thurman, kaka yake Hazel, alikuwa mchimbaji. Vumbi la makaa lilimuua mapafu, akafa maskini. Hazel akamtungia wimbo kwa jina la ugonjwa wenyewe, "Black Lung", yaani pafu jeusi. Mimi nauita ushahidi. Mwaka 1969 wachimbaji wa West Virginia waligoma kudai fidia ya ugonjwa huo, na sheria ikapitishwa. Hazel aliendelea kuwaimbia kwenye mikutano yao.