Baiskeli za kukodi zisizo na kituo: Faida, hasara na nani anabeba gharama

Kukodi baiskeli si jambo geni kwa mtu wa Sumbawanga. Unamlipa mwenye baiskeli, mnakubaliana muda, unaendesha, kisha unairudisha palepale ulipoichukua. Ukichelewa, utamkuta kasimama barabarani anakusubiri.

Huduma ya baiskeli zisizo na kituo imeondoa sharti hilo la kurudisha. Unaikuta baiskeli mtaani, unaifungua kwa simu, unaenda unakoenda na kuiacha hukohuko. Mwingine akiikuta naye anaichukua.

Sumbawanga bado haina huduma hii, ila miji mingi duniani imeshaijaribu. Kuna iliyofaidika, na kuna iliyoachiwa malundo ya vyuma.

Inafanyaje kazi?

Kila baiskeli ina kufuli la kielektroniki lenye GPS na laini ya simu ndani yake. Mteja anapakua programu, anajisajili, kisha anaskani msimbo wa QR. Kufuli linafunguka na muda unaanza kuhesabiwa. Akilifunga, safari imeisha na hela inakatwa.

Usiichanganye na huduma yenye vituo kama Vélib' ya Paris, iliyoanza 2007, au Guraride ya Kigali, iliyoanza Septemba 2021. Huko unachukua baiskeli kituo kimoja na kuirudisha kituo kingine.

Mfumo usio na kituo ulivuma zaidi China. Kampuni ya Ofo ilianzishwa 2014 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Peking, na Mobike ikaanza huduma Shanghai Aprili 2016.

Faida zake

*Bei ndogo.* Mobike ilipoanza, nusu saa ililipiwa yuan 1 tu. Baiskeli haitumii petroli, hivyo mafuta yakipanda nauli haina sababu ya kupanda.

*Inakufikisha mlangoni.* Ukishuka stendi, hulazimiki kutafuta kituo karibu na nyumbani kwako.

*Hakuna vituo vya kujenga.* Kampuni inaleta baiskeli na kuanza kazi, na mji hautengi viwanja.

*Matengenezo si yako.* Pancha, cheni na breki ni kazi ya kampuni.

*Takwimu za safari.* Zikitolewa kwa TARURA na manispaa, zinaonyesha watu wanapita wapi na barabara ipi inahitaji njia ya baiskeli.

Hasara zake

*Kuegesha hovyo.* Ruhusa ya kuacha popote inafikisha baiskeli mlangoni mwa duka, kwenye mtaro na katikati ya njia ya waenda kwa miguu. Anayeumia zaidi ni asiyeona na anayetumia kiti cha magurudumu. Agosti 2017 Shanghai ilisimamisha uongezaji wa baiskeli mpya, wakati jiji likiwa tayari na takribani milioni 1.5.

*Wizi na uharibifu.* Mobike ilianza Manchester, Uingereza, Juni 2017 ikiwa na baiskeli 1,000. Septemba 2018 ilitangaza kuondoka, ikisema inapoteza asilimia 10 ya baiskeli kila mwezi kwa wizi na uharibifu.

*Hela ya dhamana.* Ofo ilichukua dhamana ya yuan 99, baadaye 199, kwa kila mteja. Kampuni ilipoyumba Desemba 2018, zaidi ya watu milioni 10 walijiandikisha kwenye foleni ya mtandaoni wakidai warudishiwe. Singapore nako, oBike ilifunga huduma Juni 2018 ikiwa bado inadaiwa dhamana za wateja.

*Simu janja.* Mwenye kitochi anabaki nje, hata kama ndiye anayehitaji usafiri wa bei nafuu kuliko wote.

*Taarifa zako.* Kampuni inajua ulipotoka, ulipoenda na saa ngapi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na huduma kama hii ingebidi iifuate.

Gharama inahama, haiishi

Ukizisoma hasara hizo pamoja, utaona kitu kimoja. Kituo kinagharimu hela, lakini kina kazi: kinapanga baiskeli, kinazilinda na kinajulisha ipi mbovu. Ukikiondoa, kazi hiyo haipotei. Inamwangukia mpita njia anayeruka baiskeli, manispaa inayozizoa, au mteja ambaye dhamana yake imezama.

Miji iliyoamua kubaki na huduma hii ilijifunza hapo. Tangu Januari 2019, mteja Singapore anatakiwa kuegesha sehemu iliyotengwa na kuskani msimbo wa QR uliopo hapo ndipo safari ihesabike imeisha. Asipofanya hivyo anakatwa dola 5 za huko. Kwa maneno mengine, kituo kilirudi, safari hii kikiwa rangi tu iliyopakwa chini.

Ikija Sumbawanga je?

Kwanza ni barabara. Mvua za Novemba hadi Aprili zinageuza mitaa mingi isiyo na lami kuwa tope. Mobike za mwanzo zilikuwa na tairi zisizo na upepo ili zisipate pancha, lakini zilikuwa na uzito wa kilo 25 hivi. Kwenye lami tambarare ni sawa. Kwenye makorongo na mlima ni adhabu.

Pili ni mzigo. Baiskeli za huduma hizi zimetengenezwa kubeba mtu mmoja. Anayetoka Soko la Mandela na gunia, au mama mwenye mtoto, ataendelea kumwita bodaboda au bajaji.

Tatu ni umbali. Baiskeli ikishuka bondeni hadi Muze au Kaoze, gari la kuifuata litakula hela kuliko nauli iliyoingia.

Kwa hiyo kabla ya kampuni kupewa kibali, kuna maswali manne ya kujibiwa kwa maandishi:

1. Nani anaondoa baiskeli iliyoachwa vibaya, na ndani ya saa ngapi?
2. Kama kuna dhamana, inakaa kwenye akaunti gani ambayo kampuni haiwezi kuigusa?
3. Mwenye kitochi atalipaje na kufunguaje?
4. Kampuni ikifunga, nani anazoa baiskeli zake?

Mwenye baiskeli ya kukodi mtaani ameshayajibu yote hayo kwa njia yake: hachukui dhamana ya benki, haulizi una simu gani, na jioni anazihesabu baiskeli zake mwenyewe. Kampuni inayotaka kuja na programu inapaswa kuonyesha nani atafanya kazi hiyo.