Chunguza shingo kabla ya kununua baiskeli ya milimani

MTU anayeteremka kwa baiskeli kutoka kilima cha Manga, penye mpaka wa kaunti za Kisii na Nyamira, huutwika uma wa mbele sehemu kubwa ya uzani wake kila anapokamata breki.

Uzani huo hupokewa ndani ya shingo ya fremu, yaani bomba fupi la mbele ambamo uma huzungukia. Humo mna beringi mbili, moja juu na nyingine chini. Beringi hizo pamoja na vifuniko vyake ndizo huitwa hedseti.

Ingawa pikipiki zimetwaa sehemu kubwa ya uchukuzi wa abiria katika eneo hilo, baiskeli za milimani zingali zinatafutwa, hasa za mitumba. Wanunuzi wengi hutazama magurudumu, gia na breki. Ni wachache wanaoichunguza shingo, na kosa hilo laweza kumgharimu mtu fremu nzima.

Kuna aina tatu za hedseti ambazo mnunuzi anafaa kuzitambua.

Ya kwanza ni ile ya baiskeli nzito za zamani, maarufu kama Black Mamba. Shingo yake ina vikombe viwili vya chuma vinavyoonekana kwa nje, na ndani yake mna gololi zilizopakwa grisi. Vikombe vikiliwa, fundi huving'oa kwa nyundo na kupachika vingine. Fremu hubaki salama.

Ya pili ina vikombe pia, ila vimezama ndani ya shingo pana, ambayo kwa kawaida tundu lake ni la milimita 44. Navyo vyaweza kung'olewa na kubadilishwa.

Aina ya tatu, iliyoenea mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, haina vikombe kamwe. Kiwanda huchonga kitako ndani ya shingo yenyewe, na beringi iliyofunikwa huketi juu ya kitako hicho. Ukingo wake hukatwa mshazari ili ujiweke katikati, na huingia na kutoka kwa mkono bila nyundo.

Mtindo huu hupunguza vipuri na kuipa baiskeli umbo la kupendeza. Hata hivyo, maana yake ni kwamba fremu ndiyo kikombe. Beringi ikikaa imelegea kwa muda mrefu, hugonga na kukila kitako. Kitako kikipanuka, hakuna kikombe cha kubadilisha.

Ni kwa sababu hii ambapo Chris King, mtengenezaji mashuhuri wa hedseti nchini Marekani, aliupinga mtindo huo waziwazi ulipoanza kuenea.

Hatari hiyo huzidi katika nyanda za Kisii na Nyamira, ambako mvua ni nyingi, miteremko ni mikali na udongo mwekundu hunata. Gurudumu la mbele hurusha tope moja kwa moja kwenye beringi ya chini, ambayo ndiyo hubeba mzigo mkubwa zaidi.

Kabla ya kulipa, kamata breki ya mbele, weka vidole pale uma unapokutana na shingo, kisha sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi mgongo, hedseti imelegea. Halafu inua gurudumu la mbele na uzungushe usukani polepole. Ukikwamakwama, beringi imeharibika.

Beringi mbovu si sababu ya kuikataa baiskeli, kwani hubadilishwa. Mwombe fundi aifungue na kukifuta kitako. Kikiwa na ufa, au kimeacha kuwa duara kamili, achana na fremu hiyo. Kujazia kipande cha bati la mkebe si tiba.

Aidha, beringi hizi hazilingani. Nyingi za juu huwa na kipenyo cha nje cha milimita 41 au 41.8, tofauti ambayo jicho haliwezi kuiona. Pembe ya ndani nayo huwa ya nyuzi 36 au 45. Uma ulio mpana upande wa chini mara nyingi huhitaji beringi ya milimita 52. Kwa hivyo, beba beringi kuukuu unapoenda dukani, na usome nambari zilizochapishwa ubavuni mwake.

Kukaza nako kuna utaratibu wake. Kwanza legeza bolti za ubavuni zinazoushika usukani kwenye bomba la uma. Kisha kaza bolti ya juu kidogo kidogo hadi mgongo uishe, huku usukani ukizunguka kwa wepesi. Mwishowe kaza tena zile za ubavuni. Wanaokaza bolti ya juu bila kulegeza zile nyingine hujichosha bure, kwani uma hausogei.

Baada ya msimu wa mvua, beringi zitolewe, zifutwe, na kitako kipakwe grisi. Vilevile, baiskeli isioshwe kwa mpira wa maji yenye nguvu ya kuoshea magari, kwani maji hupenya hadi ndani ya beringi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye fremu ya aina hii, kazi ya dakika chache kwa spana ndiyo humwepusha kununua fremu nyingine.